Vioo Viwili vya Kukingia Upepo



Wapendwa waamini, juma hili tunaomba uvumilivu wenu, maana tafakari yetu haianzii katika masomo ya Dominika bali katika gari. Wengi wenu mmekwisha kuliona Land Rover la parokia likipita na vipande viwili vya kioo vilivyochomoza kando ya kioo cha mbele, mithili ya masikio ya mbuzi. Maswali yametufikia mlangoni pa kanisa, katika jumuiya ndogo ndogo, na hata sokoni Nyandira. Wapo waliouliza kama ni pambo. Wapo waliouliza, kwa upole wenye makali, kama zaka ndiyo iliyokwenda huko. Wote wanastahili jibu, na jibu lenyewe si fupi.

Gari hilo lina umri mkubwa kuliko sisi tunaowaandikia. Ni la ukoo ule wa Land Rover ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, ukaendelea kuundwa, kwa mabadiliko ya hapa na pale, hadi mwaka 1985. Kioo chake cha mbele ni vipande viwili bapa vilivyosimama karibu wima ndani ya fremu moja, na fremu hiyo imeshikwa chini kwa bawaba, hata mtu akitaka huweza kuilaza yote juu ya boneti. Nusu za juu za milango hufunguliwa na kuwekwa kando. Turubai likivuliwa, gari hubaki wazi kama mtumbwi. Letu huvaa turubai wakati wa masika tu. Miezi mingine hukaa wazi, kwa kuwa matenga ya kabichi na karoti hupakiwa kwa urahisi zaidi, na machela ya mgonjwa huingia bila kuinamishwa.

Lipo na jambo la salamu. Yeyote aliyepanda kutoka Sangasanga, pale tunapoiacha barabara kuu ya Iringa, akapita Mlali na kufika Langali, anajua kwamba njia hii haina mahali pasipo na watu. Akina mama wenye mizigo kichwani, watoto wa shule, wazee wanaorudi mashambani kwenye matuta ya milimani: wote husalimu, na wote hungoja kuitikiwa. Katika gari la wazi salamu hufika nzima. Dereva wetu, mzee ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa amekataa kutajwa, ameitikia salamu za njia hii kwa miaka mingi kuliko mapadre wote waliopita hapa kwa pamoja.

Sasa mzee huyo aliota nyama katika jicho la kulia. Si mtoto wa jicho, ambao ni ukungu wa ndani. Hii ni nyama laini yenye umbo la pembetatu, inayoanzia pembe ya jicho upande wa pua na kutambaa juu ya jicho kuelekea mboni. Madaktari huiita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya bawa dogo. Jua kali, vumbi na upepo wa miaka mingi huichochea. Kliniki walimwambia wazi: aukinge uso wake na upepo na vumbi, ama aache kuendesha, kwa sababu bawa hilo likifika mbele ya mboni litamziba asione, na dawa yake itakuwa upasuaji. Mzee alitupa habari hiyo akiwa amesimama, kofia mkononi, kama mtu anayesubiri kuhukumiwa.

Halmashauri Walei ililijadili jambo hilo kwa saa mbili na nusu. Hoja ya kwanza ilikuwa kumpumzisha mzee kwa heshima na kumwajiri kijana. Hoja ya pili, iliyoungwa mkono na wengi, ilikuwa kulifunga gari: fundi wa kuchomelea alijengee banda la bati lenye madirisha, liwe kama gari la watu wa kisasa. Mjumbe mmoja, ambaye hutuambia kweli hata tusipoipenda, alisema kwamba kabla ya kulivisha gari tulivishe paa la kigango, ambalo masika yaliyopita liliwanyeshea waamini wakati wa Misa. Mzee mwenyewe alipopewa nafasi aliomba jambo dogo lisilokuwa katika ajenda: vipande viwili vya kioo kandokando ya kioo cha mbele, kama alivyoviona ujanani mwake katika gari moja la wazi la mkulima wa mkonge. Aliongeza kwamba gari likifungwa, watu watasalimu bati.

Wapo walioona kwamba hayo ni ya uzee tu. Sisi tuliomba siku saba za kufikiri, na katika siku hizo tulijifunza mambo ambayo seminari haikutufundisha.

Swali la kwanza lilikuwa hili: mzee ana kioo mbele yake tayari, na ana miwani, upepo unamfikiaje? Upepo unaokutana na kioo kilichosimama wima hugawanyika. Sehemu hupanda juu, sehemu hukimbilia pembeni. Ile ya pembeni inapofika ukingoni haiwezi kukata kona mara moja. Hupita kwa kasi, na nyuma ya kioo hubaki mahali ambapo mgandamizo wa hewa ni mdogo. Hewa ya kando huvutwa kuingia humo ikizunguka. Nendeni mkautazame mto Mgeta mahali penye jiwe kubwa: majani yanayoelea hayaendi moja kwa moja, hurudi nyuma ya jiwe yakacheza duara. Basi uso wa dereva ndio uliopo katika duara hilo. Vumbi humjia kutoka kando na nyuma, likaingia ndani ya miwani, likakaa kati ya kioo na jicho. Tulimwomba mzee atuonyeshe miwani yake baada ya safari, nasi tuliona kwa macho yetu: upande wa ndani ulikuwa na vumbi jingi kuliko upande wa nje.

Kumbe mzee alikuwa ameomba dawa hasa ya ugonjwa wake. Kipande cha kioo kikishikizwa kwenye nguzo ya fremu, kikaelekezwa nyuma na nje kidogo, huurefusha ukingo ule ili upepo ukiachana nao uwe umekwisha kulipita bega la dereva. Magari ya wazi ya miaka ya 1920 na 1930 yalikuwa navyo kwa wingi, na Wamarekani waliviita mabawa ya upepo. Bawa katika jicho, na bawa katika gari! Lugha haipangi mambo kama hayo kwa makusudi, lakini tulicheka peke yetu ofisini.

Na kwa kuwa tumegusa lugha: Kiswahili kinatumia neno moja, kioo, kwa kile ambacho mtu hujitazama ndani yake na kwa kile ambacho huwatazama wengine kupitia kwake. Kuweka kioo mahali ni kuamua kipi kati ya hivyo viwili kitatokea.

Kanisa lenyewe limelifikiri suala la kioo katika gari la wazi, tena kwa machungu. Tarehe 13 Mei 1981 Papa Yohane Paulo II alikuwa amesimama katika gari la wazi aina ya Fiat Campagnola, katikati ya watu katika Uwanja wa Mtakatifu Petro, alipopigwa risasi. Baada ya siku ile magari ya Papa yalianza kujengewa vioo vinene visivyopitisha risasi, na hakuna mwenye akili atakayeshangaa. Miaka tisa baadaye, kuanzia tarehe 1 hadi 5 Septemba 1990, alikuja kwetu Tanzania. Marehemu Papa Fransisko naye hakuvipenda vioo hivyo, na hakuficha. Novemba mwaka 2015, akiwa Bangui, katika nchi iliyokuwa bado inavuja damu, alipita kati ya watu katika gari lililo wazi. Hatuwezi kumlaumu yeyote kati ya hao wawili, wala wale waliolinda usalama wao. Lakini mnaona kwamba ombi la mzee wetu halikuwa la kitoto. Mchungaji akingwe kwa kiasi gani, na akikingwa hivyo bado wamfikie? Banda la bati lilikuwa jibu mojawapo. Vipande viwili vya kioo, juu wazi na nyuma wazi, vilikuwa jibu jingine, nasi tulilichagua hilo.

Ndipo tukakutana na fundi. Huyu naye hatumtaji, ingawa yeye angependa kutajwa.

Tulimpelekea wazo la kununua kioo cha dirisha katika duka la vifaa vya ujenzi, kwa kuwa ni rahisi. Alikataa kabla hatujamaliza sentensi. Kioo cha dirisha kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha kama visu, na hapa kingekaa sentimita chache kutoka shingoni mwa mtu. Kile cha kukazwa kwa moto, ambacho huvunjika kuwa punje ndogo ndogo, ni salama zaidi, ila kikishakazwa hakikatwi tena wala hakitobolewi. Ukikigusa kwa kisu chote humwagika. Plastiki ngumu inayong'aa ni nyepesi na haikati mtu, lakini kwa vumbi letu na vitambaa vyetu vya kufutia ingechubuka na kupata ukungu mapema. Kilichobaki ni kioo cha tabaka: vioo viwili vyembamba vyenye utando katikati. Asili yake ni tukio la mwaka 1903, wakati Mfaransa Édouard Bénédictus alipoangusha chupa ya maabara, akaona imepasuka bila kutawanyika kwa sababu ndani yake palikuwa pamekaukia utando. Alipata hataza yake mwaka 1909.

Fundi alikipata kioo cha namna hiyo katika gereji moja ya Morogoro mjini, katika Land Rover iliyokufa zamani. Kilikuwa na ufa mrefu katika pembe moja. Tulisita. Yeye alifurahi, akatueleza kwamba ufa ule ndio ushahidi: kioo kilichokazwa kwa moto hakiwezi kuwa na ufa mmoja kikaendelea kusimama. Kisha akatuonyesha ukingoni mstari mwembamba wa utando. Sehemu nzima iliyobaki ilitosha vipande vyote viwili, kila kimoja upana wa sentimita 20 na urefu wa 35, unene wa milimita 6, uzito wa kilo moja hivi.

Namna ya kukikata ilitushangaza. Alichora mstari upande mmoja kwa kisu cha kukatia vioo, akakigeuza na kuchora mstari upande wa pili palepale, akagonga polepole hadi mistari yote miwili ikafunguka. Utando wa katikati ukabaki umeshika. Akamimina spiriti katika mstari, akaiwasha kwa kitambo kifupi tu ili utando ulainike, kisha akapitisha wembe. Kingo alizisugua kwa jiwe lenye maji hadi kidole kikapita bila kukwama. Pembe alizifanya za mviringo, kwa kuwa ufa hupenda kuanzia penye ncha, na kwa kuwa mtu hushuka garini kwa kichwa kwanza. Mwisho alipaka silikoni kwenye kingo. Alisema ukungu wa Mgeta usipozuiwa utaingia katikati ya tabaka na kukifanya kioo kuwa cheupe kutoka pembeni.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa katika kukishika. Hapa ndipo tulipokaa siku nzima.

Alitengeneza vibano vinne vya bapa la chuma kisichoshika kutu, viwili kwa kila kioo, vyenye taya zilizofunikwa mpira wa tyubu ya tairi. Boliti hazipiti ndani ya kioo. Hupita nje ya ukingo wake, hivyo hapakuwa na haja ya kukitoboa. Kibano cha chini kina ulimi mdogo ambao kioo hukalia, ili hata kikilegea kisidondoke. Vijana waliokuwa wakitazama waliuliza kwa nini asikaze kwa nguvu zote, maana barabara yetu inajulikana. Fundi hakubishana. Alichukua kipande cha taka, akakibana chuma kwa kioo bila mpira, akaanza kukaza. Kilitoa mlio mdogo, mfano wa kijiti kinachovunjika, na ufa ukapita kutoka taya hadi ukingo wa pili. Kisha akabana kingine chenye mpira: nati kwa vidole hadi mpira ulipogusa pande zote, halafu nusu mzunguko kwa spana, hadi mpira ukaanza kufura kidogo kando ya taya. Akaishia hapo. Akafunga nati ya pili juu ya ile ya kwanza ili zizuiane zisilegee.

Tulipokuwa seminarini tulisoma kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino kwamba fadhila hukaa katika kadiri, kati ya kuzidi na kupungua, na tulifaulu mtihani wake. Hatukuwahi kuiona kadiri ikifura kando ya taya ya chuma.

Mmoja wa vijana, mwenye akili nzuri, alishauri kibano cha juu kikae kwenye nguzo ya fremu na cha chini kikae kwenye bodi ya gari, kwa kuwa bodi ni imara zaidi. Fundi alitikisa kichwa. Fremu ya kioo imeshikwa kwa bawaba. Gari likipita kwenye mashimo, fremu hucheza kivyake na bodi hucheza kivyake. Alisema vitu viwili visivyotembea pamoja visipewe kushika kioo kimoja. Vibano vyote viwili vilifungwa kwenye nguzo ileile, na kabla ya kuweka kioo alivuta uzi kutoka kimoja hadi kingine kuhakikisha taya zimelala katika usawa mmoja. Alieleza kwamba vioo vingi vya namna hii havivunjwi na mawe wala upepo. Huvunjwa na vibano visivyolingana, ambavyo hukipinda kioo kidogo tu siku ya kufungwa. Nacho hukaa kimya juma zima, mwezi mzima, kisha hupasuka siku isiyo na sababu. Maneno hayo tumekwisha kuyatumia mara mbili ofisini katika mambo ambayo hatutayataja hapa.

Ilibaki pembe ya kukielekeza. Mzee alifunga nyuzi za sufu kwenye nguzo, kwenye usukani na kwenye bega la koti lake, nasi tukashuka naye hadi njia ya Mlali. Kioo kikiwa kimefunguliwa sana, kilivuma kama filimbi na kutetemeka. Kikiwa kimefungwa sana, uzi wa begani ulicheza kama kawaida. Tulisimama mara saba au nane, tukisogeza kidogo kila mara. Hatimaye uzi ule ulilala begani ukatulia, ingawa ule wa nguzoni ulikuwa umenyooka kwa kasi ya upepo. Kisha tukaingia barabara ya lami kujaribu mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kwa sababu mwendo ukizidi mara mbili nguvu ya upepo huzidi mara nne, na kibano kinachotosha huku mlimani huenda kisitoshe kule. Kilistahimili. Mzee aliangalia pia kama kioo kinamficha mtembea kwa miguu katika kona, na kama kioo cha kutazamia nyuma bado kinaonekana. Alikuta upande wa kushoto umemzuia kidogo, akauteremsha kwa upana wa vidole viwili.

Mambo yamekuwaje tangu hapo? Nyama ya jicho ipo palepale, kioo hakiponyi. Lakini wekundu umepungua, na kliniki ilipompima tena ilisema bawa halijasogea, aendelee na arudi baada ya miezi sita. Mwezi uliofuata alimshusha mama mjamzito kutoka upande wa Tchenzema usiku wa baridi ile tunayoijua, upepo ukishuka kutoka Lukwangule. Mama alikaa mbele kushoto, nyuma ya kile kipande cha pili ambacho baadhi yetu tulidhani ni cha kulinganisha sura ya gari tu. Mtoto alizaliwa salama hospitalini.

Kuhusu fedha: zaka haikuguswa. Waamini wawili walijitolea, na gharama yote haikufikia bei ya tairi moja jipya. Hata hivyo hoja ya yule mjumbe kuhusu paa la kigango haijafa, na hatutaki ife. Orodha ya mabati na mbao itasomwa Dominika ijayo baada ya Komunyo, pamoja na majina ya jumuiya zilizoahidi kubeba mchanga.

Mpira wa vibano hulala kadiri siku zinavyopita, hivyo nati hukaguliwa kila Jumamosi asubuhi. Kijana aliyetoa ule ushauri wa kibano cha chini ndiye anayeshika spana sasa, mzee akiwa amesimama pembeni yake. Anayetaka kujifunza anakaribishwa, saa moja kamili, uani pa nyumba ya mapadre. Na Jumanne gari litapanda Nyandira kwa ajili ya Komunyo ya wagonjwa. Wenye wagonjwa wasioweza kutoka nyumbani wawaarifu makatekista mapema.

Tunawatakieni Dominika njema.